Mwanamke katika Mongol Zurag: Tathmini ya Makumbusho ya Zanabazar na Nyumba za Sanaa za Ulaanbaatar

Anayekwenda Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, kwa nia ya kutazama jinsi wachoraji wanavyomchora mwanamke kwa Mongol zurag, mtindo wa uchoraji wa kitaifa wa nchi hiyo, ataonyeshwa vazi kabla hajaonyeshwa mtu. Maduka ya zawadi ya katikati ya mji yamejaa picha za mabibi wa zamani: nywele zimetandazwa pande mbili za kichwa mfano wa mabawa, fedha na marijani vinaning'inia hadi kifuani, mabega ya joho yamenyanyuliwa, uso ni mweupe, mashavu ni mekundu na macho yamefumbwa nusu. Picha hizo zinapendeza, na sina neno na anayezinunua. Hata hivyo, zinamzoeza mtazamaji kuamini kwamba urithi wa Kimongolia ni pambo la kuvaa, na imani hiyo inapotosha. Baada ya kukaa na michoro ya Makumbusho ya Sanaa ya Zanabazar, na kisha ile ya nyumba ndogo za sanaa zinazoonyesha kazi za wachoraji walio hai, nimeshawishika kwamba urithi huo umo zaidi katika mstari, katika rangi na katika namna uwanja wa picha unavyogawanywa, na kwamba mchoraji aliyeushika hapo anaweza kumchora mwanamke wa leo aliyevaa jinzi, amesimama jikoni kwake ghorofani, na kazi ikabaki ya Kimongolia kutoka ukingo hadi ukingo.

Nianze na makumbusho, kwa sababu bila kupita hapo mengi yanayochorwa leo hayasomeki. Jengo lake liko mwendo mfupi kwa miguu magharibi mwa Uwanja wa Sükhbaatar. Lilijengwa mwaka 1905 na mfanyabiashara wa Kirusi likiwa duka, na makumbusho yenyewe yalianzishwa mwaka 1966. Jina limetokana na Zanabazar, aliyezaliwa mwaka 1635 na kufariki mwaka 1723, kiongozi mkuu wa kwanza wa Ubudha kati ya Wakhalkha, kundi kubwa zaidi la Wamongolia, ambaye alikuwa pia mchongaji na msubu wa shaba wa daraja la juu kabisa. Sanamu yake ya Tara Mweupe, mungu wa kike wa Kibudha, ndiyo ninayomshauri kila mgeni aikabili kwanza, ijapokuwa si mchoro, kwa kuwa wachoraji wengi wa leo wanaomchora mwanamke kwa utulivu na heshima wanaongea nayo, wakijua au wasijue.

Tara ameketi, miguu imekunjwa, mkono wa kulia umeteremshwa juu ya goti na kiganja kimeelekezwa kwa anayemtazama. Ana macho saba: mawili ya kawaida, moja katika paji la uso, moja katika kila kiganja na moja katika kila wayo. Masimulizi ya Kibudha yanaeleza kwamba alikuwa binti wa mfalme, na kwamba watawa walipomshauri aombe kuzaliwa tena akiwa mwanamume ili aufikie ukombozi kwa wepesi, alikataa, akaweka nadhiri ya kurudi kila mara katika mwili wa mwanamke hadi viumbe vyote vitakapokombolewa. Zanabazar amempa uso wa mviringo, mashavu yaliyojaa na kiwiliwili cha mtu mzima ambaye hana haja ya kujieleza kwa yeyote. Ukishamwona yeye, unaanza kutambua kile kinachokosekana katika zile picha za dukani: wale mabibi wamefumba macho ili watazamwe, ilhali Tara ana macho hata nyayoni, na yeye ndiye anayetazama.

Kisha iko picha ambayo peke yake inatosha kuhalalisha tiketi, nayo ni Siku Moja Mongolia ya Balduugiin Sharav (1869–1939), anayejulikana zaidi kwa jina la Marzan Sharav. Aliichora mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za utawala wa Bogd Khaan, kiongozi wa dini aliyekuwa pia mfalme wa Mongolia, kwa rangi za madini juu ya kitambaa cha pamba. Picha haina kitovu. Jicho linaingia popote linapotaka, na popote linapoingia linakuta watu wameshika shughuli: harusi inafanyika, maiti inasindikizwa, ngamia wanaongozwa, maziwa yanakamuliwa, wapenzi wawili wamelaliana pasipo kujali kwamba umma mzima unapita jirani. Sharav alitoka katika mafunzo ya uchoraji wa kidini, ambamo kila mungu ana vipimo vyake na mahali pake, akayachukua maarifa hayo ya kupanga viumbe wengi katika uwanja mmoja na kuyatumia kwa wafugaji, mafundi, walevi na wazee. Huo ndio mzizi wa mtindo ambao baadaye ulikuja kuitwa Mongol zurag.

Ninachotaka msomaji akitazame hapo kwa makini ni kundi la watengenezaji wa sufu ya kushindilia, ile inayofunika mahema ya duara ya Kimongolia yanayoitwa ger. Kazi hiyo ina hatua nyingi: sufu hupigwa kwa fimbo hadi ilainike, hutandazwa tabaka juu ya tabaka, hunyunyiziwa maji, huviringishwa kwenye mti na mwishowe huburutwa na farasi hadi nyuzi zishikane. Ni kazi ya jamaa yote, na wanawake wamo ndani yake kwa ukamilifu. Kila mtu amezungushiwa mstari mwembamba, rangi yake imejazwa bila kivuli, na aliye mbali hakupunguzwa kimo kwa sababu ya umbali. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika uchoraji unaofuata kanuni ya umbali, mtu aliye nyuma ni mdogo na mtu aliye mbele ni mkubwa, kwa hiyo mchoraji huamua mapema nani ni muhimu. Kwa Sharav hakuna mbele, na mwanamke anayekamua ana haki ileile ya kuonekana aliyo nayo mwenye farasi. Hawakupangwa wapendeze, na pengine ndiyo maana sikuchoka kuwatazama.

Sharav huyohuyo alimchora pia Dondogdulam, malkia wa Bogd Khaan, ambaye waumini walimheshimu kama mwenye asili ya Tara, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1921 akawa mchoraji wa mabango ya siasa na wa picha ya Lenin. Mtu mmoja alipita njia yote hiyo ndani ya maisha yake. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba Mongol zurag ni sanaa iliyohifadhiwa kabatini ikiwa safi. Ukweli ni kwamba tangu siku zake za kwanza ilikuwa inapokea mageni na kuyapanga upya.

Katika miaka ya 1930, na hasa kati ya 1937 na 1939, serikali ya Jamhuri ya Watu wa Mongolia iliangamiza nyumba za watawa na kuua maelfu kwa maelfu ya watawa wenyewe. Pamoja nao ulikatika mnyororo wa mafunzo ya picha za kidini ziitwazo tangka: namna ya kukaza kitambaa kwenye fremu ya mti, kukipaka gundi ya ngozi iliyochanganywa na chaki, kukisugua kwa jiwe laini hadi kiwe kama pembe ya ndovu, kuchora kwa vipimo, kusaga madini ya rangi, na kuacha uso wa mhusika na macho yake hadi mwisho kabisa. Wachoraji waliosalia walijifunza mbinu za Ulaya katika shule za Kisovieti. Ilipofika miaka ya 1950 ndipo mtindo wa zamani ulirudishwa kwa jina la sanaa ya taifa, ukiwa umevuliwa dini. Ürjingiin Yadamsüren (1905–1986) ni mmoja wa waliobeba kazi hiyo. Mchoro wake wa mzee anayepiga fidla ya kichwa cha farasi, wa mwaka 1958, unajulikana na karibu kila Mmongolia aliyekwenda shule. Yadamsüren aliyachora pia mavazi ya makabila mbalimbali ya Mongolia, kipande kwa kipande, na kumbukumbu hizo zimekuwa hazina kwa waliokuja baadaye.

Mwanamke wa enzi ya ujamaa alikuwa mkamuaji mwenye ndoo zilizojaa, daktari, mwalimu, mama wa kizazi kipya. Baadhi ya wahakiki hupitia kazi hizo kwa haraka wakiziita propaganda. Mimi nadhani wanakosea, kwa sababu hizo ni miongoni mwa picha za kwanza ambamo mwanamke wa kawaida wa Mongolia alipewa uwanja mzima wa picha akiwa peke yake, na mikono yake ikachorwa kwa umakini uleule uliokuwa ukitolewa kwa nyuso za watakatifu. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuchoka, kukasirika au kuwaza jambo ambalo chama hakikulipanga.

Sasa nirudi kwenye yale mabawa ya nywele. Yalikuwa mtindo wa wanawake wa Khalkha walioolewa: nywele ziligawanywa katikati, zikakazwa kwa mafuta, zikatandazwa kuwa bapa, zikabanwa kwa vibanio vya fedha na kumaliziwa kwa misuko iliyoingizwa ndani ya vifuko vilivyotariziwa na kushuka kifuani. Juu yake ilikaa kofia ya fedha yenye feruzi na marijani. Tunaujua mtindo huu hasa kutokana na picha za karne ya 19 na za mwanzo wa karne ya 20, kisha mapinduzi yakauondoa katika maisha ya kila siku. Karne nyingi kabla yake, wanawake wakuu wa himaya ya Wamongolia walivaa kitu tofauti kabisa: kofia ndefu ya wima iitwayo bogtag, kama inavyoonekana katika picha ya Chabi, mke wa Kublai Khan, iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Kasri la Taifa mjini Taipei. Picha nyingi za kisasa za kuuza huchanganya mambo haya mawili pasipo kufikiri, hata malkia Mandukhai, aliyeishi katika karne ya 15 na kuwaunganisha tena Wamongolia huku akimlea na kuolewa na Dayan Khan aliyekuwa bado kijana mdogo, akavikwa mabawa ya bibi wa enzi ya Manchu, watawala wa China waliokuja kuitawala Mongolia baadaye.

Mtu anaweza kusema kwamba mchoraji hakuandika kitabu cha historia, na kwamba uhuru wa kuchanganya ni wake. Nakubali, mradi mchanganyiko uwe umekusudiwa. Kinachonisumbua ni kwamba mchanganyiko huo huandamana na jambo jingine, nalo ni kutokuwa na majina. Katika nyumba moja ya sanaa niliyoingia, ambayo sitaitaja, ukuta mzima ulikuwa na picha za wanawake wa kifalme, na kibandiko cha kila moja kilisema tu kwamba huyu ni malkia wa Mongolia. Nilipouliza ni malkia yupi, mhudumu alijibu kwa ukarimu kwamba ni malkia wa zamani. Nchi hii inaye Höelün, aliyewalea watoto wake nyikani baada ya kuachwa na ukoo, na mmoja wa watoto hao akawa Genghis Khan. Inaye Sorghaghtani, mama wa Möngke, Kublai, Hülegü na Ariq Böke, mjane aliyekataa kuolewa tena na kuwaandaa wanawe kutawala. Inaye Khutulun, binti wa mtawala Kaidu, ambaye Marco Polo alisimulia jinsi alivyowaalika wachumba washindane naye mieleka kwa dau la farasi na akawa anawashinda. Kila mmoja wa hawa ana tabia yake, umri wake na hasira zake, na kuwaweka wote chini ya uso mmoja mweupe uliofumba macho ni kuwapotezea watu hawa nafasi zao.

Ni haki nimtaje hapa Zayasaikhan Sambuu, anayejulikana kwa jina fupi la Zaya, kwa kuwa michoro yake ya wanawake wa kiungwana imesambaa kuliko ya wengi, na wengi wa wanaojaza maduka ni waigaji wake. Zaya anastahili kutenganishwa nao. Mstari wake una uhai, kitambaa cha joho anakifuata kunjo kwa kunjo, na wanyama na ndege anaowaweka karibu na wanawake wake huwa na nafasi ya kweli katika mpangilio. Ukilinganisha kazi yake na nakala za dukani, tofauti huonekana kwanza kwenye vidole: kwake kidole kinashika, kwa waigaji kidole kinaning'inia. Hata hivyo, hata kwake natamani mara kwa mara kumwona mwanamke mmoja ambaye uzuri wake haukuwa sababu ya kuchorwa.

Mwanamke huyo nilimpata kwa wachoraji wawili wa kike ambao, kwa maoni yangu, ndio sababu kubwa ya mtu kufuatilia Mongol zurag leo. Uuriintuya Dagvasambuu, aliyezaliwa mwaka 1979, huchora maisha ya kila siku ya mwanamke wa sasa kwa mstari safi na rangi bapa za mapokeo, akizungusha nakshi za vitambaa, mimea, wanyama na vitu vya nyumbani hadi chumba cha kawaida kiwe na uzito wa picha ya ibada. Nomin Bold, aliyezaliwa mwaka 1982, huchukua mipangilio ya picha za Kibudha na kuijaza mji wa leo, watu wake na hofu zake. Wote wawili walishiriki katika maonyesho ya nane ya Asia na Pasifiki huko Brisbane, Australia, yaliyofunguliwa mwaka 2015, pamoja na Baatarzorig Batjargal na Gerelkhuu Ganbold, na Nomin na Baatarzorig walishiriki pia katika maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa yaitwayo documenta, awamu ya 14 ya mwaka 2017, iliyofanyika Athens na Kassel. Katika mapokeo ya nyumba za watawa, brashi ilikuwa mikononi mwa wanaume, ilhali wanawake walisifiwa kwa kushona na kutarizi, zikiwemo tangka kubwa za vipande vya hariri. Kwamba sasa wanawake ni miongoni mwa mikono inayotajwa kwanza mtindo huu unapozungumzwa ng'ambo ni badiliko lenye uzito kuliko badiliko lolote la mavazi ndani ya picha.

Tazama wanachokifanya na nafasi. Katika tangka, mhusika mkuu hukaa katikati, akizungukwa na walinzi, wafadhili, milima na mawingu, na kila kilicho pembeni hueleza sifa fulani ya aliye katikati. Uuriintuya akimweka mwanamke wa kawaida katika kiti hicho, mtazamaji aliyelelewa na picha za dini anajua mara moja, kabla ya kufikiri, kwamba amwangalie huyu kwa heshima na asome kila kitu kinachomzunguka. Hahitaji kofia ya fedha ili apewe hadhi, kwa kuwa mpangilio umeshampa. Mpangilio ule wa Sharav usio na mbele wala nyuma nao umo humo, kwani vyombo, mtoto, paka na maua hupewa ukali uleule wa mstari, kama vile siku ya mwanamke inavyogawanyika katika mambo mengi yanayodai kushughulikiwa kwa wakati mmoja.

Mchoro ulionishika zaidi, lakini, ulikuwa wa mkono wa kijana ambaye bado hajulikani, nao ulitundikwa mahali pabaya karibu na mlango wa nyumba moja ya sanaa. Unaonyesha mwanamke wa makamo kwenye roshani ya jengo la ghorofa, amevaa sweta, nywele zimebanwa kwa kibanio cha plastiki. Mkono wake wa kulia umenyanyua kijiko cha mti chenye vishimo tisa, kile ambacho kwa desturi hutumiwa kurushia maziwa angani asubuhi au msafiri anapoondoka. Matone ya maziwa yamechorwa moja moja, kila tone likiwa na mzingo wake mwembamba wa buluu, na yanapanda katika anga iliyojaa mawingu ya mtindo wa tangka, yale yaliyokunjwa ncha. Ukisogea karibu unagundua kwamba mawingu hayo si mawingu: ni moshi wa makaa unaotoka katika mabomba ya mahema yaliyotapakaa vilimani, kule ambako zaidi ya nusu ya wakazi wa mji wanaishi. Mchoraji hakuubadili moshi uwe mchafu, na hakuyabadili maziwa yawe matakatifu kupita kiasi. Kavichora vyote kwa kanuni ileile, kwa subira ileile, na uso wa mwanamke umekunjwa kidogo kama wa mtu anayehesabu muda kabla ya kwenda kazini. Hakuna hata kipande kimoja cha vazi la jadi katika picha hiyo, na sijaona nyingine mjini humo iliyobeba urithi mwingi kuliko hiyo.

Munkhtsetseg Jalkhaajav, anayeitwa Mugi, namtaja kwa ufupi tu kwa kuwa kazi yake imevuka mipaka ya uchoraji na kuingia katika vitambaa, kolaji na sanamu laini. Ndiye aliyeiwakilisha Mongolia katika maonyesho ya Venice mwaka 2022, akishughulikia mwili wa mwanamke, maumivu na kupona. Anayempenda Uuriintuya amtafute naye pia, ila aende akiwa na muda, kwa sababu kazi za Mugi hazikubali kupitiwa haraka.

Kuhusu huduma, makumbusho yananipa furaha kuliko nyumba za sanaa, na sababu yake ni mpangilio. Kuwa na Zanabazar, tangka, tarizi za hariri na Sharav chini ya paa moja kunamwezesha mgeni asiyejua lolote kuufuata mstari mmoja kutoka karne ya 17 hadi mlango wa karne ya 20 bila kuhitaji kiongozi. Ningeshauri saa mbili zisizokatizwa, na nusu ya muda huo iwe ya Sharav peke yake. Nyumba za sanaa zinatofautiana mno. Zile zinazomilikiwa au kuendeshwa na watu wanaofuatilia wachoraji wao, kama 976 Art Gallery iliyoanzishwa na Gantuya Badamgarav mwaka 2012, zimefanya kazi kubwa ya kuipeleka sanaa ya sasa ya Mongolia nje ya nchi. Nyingine ni maduka yaliyojipa jina kubwa, na humo mnunuzi ajihadhari.

Hadhari ya kwanza ni nakala za mashine. Katika duka moja niliuziwa maneno kwamba picha ni ya mkono, nami nilipoinamisha fremu kuelekea dirishani niliona uso wote unang'aa kwa usawa, bila tofauti yoyote kati ya mstari na rangi iliyo chini yake. Katika mchoro wa mkono mstari hukaa juu ya rangi na huonekana umeinuka au umezama kidogo, rangi ya madini ina chembechembe zinazokamata mwanga, na dhahabu hubadilika kutoka njano hadi kahawia kadiri unavyosogeza kichwa. Muuzaji mwaminifu hatakukataza kuinamisha picha. Muulize pia kama rangi ni za madini au ni akriliki. Zote mbili ni halali, na wachoraji wazuri wa leo hutumia akriliki bila aibu, lakini bei inapaswa kueleza tofauti hiyo.

Hadhari ya pili inahusu kuondoka nchini. Vitu vya kale haviruhusiwi kutolewa Mongolia bila cheti maalumu, na mchoro mpya uliochorwa kwa mtindo wa tangka unaweza kumtia shaka afisa wa forodha. Omba risiti yenye jina la mchoraji na mwaka wa kazi, na kama muuzaji anasita kuandika jina la mchoraji, acha picha hiyo ukutani kwake.

Kwa mwenye fedha za kazi moja tu, ushauri wangu ni kuliacha joho na kutafuta mchoro mdogo wa mwanafunzi au mhitimu wa karibuni wa Mongol zurag. Atazame mikono ya aliyechorwa imeshika nini, na kama kila kilichomzunguka kimechorwa kwa uangalifu uleule aliochorwa yeye. Kisha aulize jina la mwanamke huyo. Wachoraji niliowauliza swali hilo walikuwa na jibu: ni mama yangu, ni jirani, ni mwalimu wangu wa kwanza, ni mimi. Muuzaji wa ule ukuta wa malkia hakuwa nalo, na bei zake zilikuwa mara mbili.